Vyombo ni vya Nani? Muziki wa Kujitegemea na Lugha Yake Jijini Dar es Salaam

Ikisiri

Historia ya muziki wa Dar es Salaam imezoeleka kuandikwa kwa kufuata aina za muziki: beni, dansi, taarabu, mchiriku na singeli. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanaanzia kwenye swali ambalo wanamuziki wenyewe wameishi nalo tangu enzi ya ukoloni: vyombo ni vya nani? Kwa kuchunguza majina ya vikundi na mitindo, pamoja na historia ya maneno kujitegemea, uhuni na kutunza, makala yanaonesha kwamba mwenye vyombo aliipa bendi jina, lakini wasikilizaji waliipa jina jingine, na mara nyingi jina hilo la pili ndilo lililodumu. Makala yanahitimisha kwa kuonesha kwamba taaluma ya fasihi ya Kiswahili imeziacha tungo nyingi za mji huu nje ya hifadhi yake kwa sababu zilitungwa na watu wasiomiliki vyombo vya kuhifadhia.

1.0 Utangulizi

Neno chombo lina kazi nyingi katika Kiswahili. Jahazi ni chombo, sufuria ni chombo, gazeti nalo ni chombo. Mwanamuziki wa Dar es Salaam anapotaja vyombo bila kuongeza neno lolote, humaanisha magitaa, ngoma, matarumbeta, vikuza sauti na spika. Akisema kwamba bendi fulani haina vyombo, hasemi kwamba wanamuziki wake hawajui kupiga. Anasema kwamba kuna mtu mwingine anayeweza kuifunga bendi hiyo kesho asubuhi kwa kufunga mlango wa stoo.

Katika makala haya, muziki wa kujitegemea ni ule unaopigwa na watu wanaomiliki, au wanaojitafutia wenyewe, vyombo, mahali pa kupigia na njia ya kuwafikia wasikilizaji. Kwa fasili hii hakuna kikundi kilichowahi kujitegemea kikamilifu. Kujitegemea ni kiwango, na kiwango hicho kimepanda na kushuka kadiri mji ulivyobadilika. Dar es Salaam, iliyoanza kujengwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Mji unaokua namna hiyo hupokea wageni kila siku, na mgeni wa mjini huhitaji kwanza watu wa kumzika, kisha watu wa kucheza naye. Kama tutakavyoona, mahitaji hayo mawili yalihudumiwa kwa muda mrefu na chama kimoja.

Neno kujitegemea lenyewe linatutaka tuwe waangalifu. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hili limebeba uzito wa siasa ya nchi. Ni kinaya cha kihistoria kwamba miaka ambayo neno kujitegemea lilisikika zaidi redioni ndiyo miaka ambayo wanamuziki wengi wa Dar es Salaam walikuwa waajiriwa wa mashirika na jumuiya za umma. Kinaya hicho hakitoshi kuihukumu siasa ile, lakini kinatupa mahali pa kuanzia.

2.0 Vyama Kabla ya Bendi

Kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903, kinazieleza ngoma za Mrima kama shughuli ya jamii yenye taratibu zake, si burudani ya kupitisha muda tu. Ngoma ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na gharama, na ilikuwa na heshima ya kugombewa. Beni ilipoenea kutoka Lamu na Mombasa kuelekea kusini, ilikuta uwanja uliokwisha kutayarishwa. Ranger, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1975, ameonesha jinsi vikundi vya beni vilivyochukua sare, vyeo na ala za bendi za kijeshi, vikavifanya kuwa lugha ya mashindano ya Waafrika wenyewe. Jijini Dar es Salaam mashindano makubwa yalikuwa baina ya Marini na Arinoti. Marini ilihusishwa zaidi na watu wa hadhi, wakiwamo makarani. Arinoti iliwapokea zaidi watu wa tabaka la chini na wageni kutoka bara.

Jambo linalotuhusu hapa ni muundo wa vikundi hivyo. Vilikuwa na viongozi, wanachama, michango na wajibu wa kusaidiana katika shida. Ala hazikuwa mali ya mpigaji wala za tajiri; zilikuwa za chama. Muundo huo ulirithiwa na vilabu vya muziki vilivyofuata. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilikuwa klabu ya wanachama kabla ya kuwa bendi ya kulipwa. Vilabu vya taarabu vya Al-Watan na Egyptian Musical Club navyo vilikuwa na wanachama, na upinzani wao ulifuata desturi ileile ya pande mbili iliyojulikana katika beni.

Majina ya bendi zilizofuata yanatuambia nani walichanga. Western Jazz ilichukua jina kutokana na Jimbo la Magharibi, walikotoka waanzilishi wake. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilikuwa na jina la Kilwa. Mtu aliyesoma majina hayo ukutani angeweza kuchora ramani ya uhamiaji wa kuelekea Dar es Salaam. Jina la bendi lilijibu swali la "ninyi ni wa wapi?", ambalo ndilo swali la kwanza aulizwalo mgeni wa mjini.

Uzito wa vyama hivi ulidhihirika wazi wakati wa kudai uhuru. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU. Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997, ameeleza jinsi Bibi Titi alivyowafikia wanawake wa Dar es Salaam kupitia viongozi wa vikundi vya ngoma mwaka 1955. Chama cha siasa kilichokuwa kichanga hakikulazimika kujenga mtandao wa wanawake kutoka chini. Mtandao ulikuwapo tayari, ukiwa na viongozi wake, wajumbe wake na mahali pake pa kukutania. Ngoma ilikitangulia chama cha siasa, ikakifundisha namna ya kuita watu.

3.0 Miaka ya Kujitegemea na Bendi za Mashirika

Baada ya uhuru majina yalibadilika. Mwaka 1964 iliundwa NUTA Jazz chini ya jumuiya ya wafanyakazi. Zikafuata bendi nyingine za namna hiyo: Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, UDA Jazz ya usafiri wa mjini, Bima Lee ya shirika la bima, Polisi Jazz, na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa. Msomaji akiyapanga majina haya kando ya Western na Kilwa ataona kwamba swali limebadilika. Jina la bendi halijibu tena "ninyi ni wa wapi?" Linajibu "mwajiri wenu ni nani?"

Sababu za mabadiliko hayo zilikuwa za kiuchumi pamoja na za kisiasa. Vyombo vya umeme viliagizwa kutoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Klabu ya wahamiaji iliyomudu kuchangia tarumbeta haikumudu kuchangia seti nzima ya magitaa na vikuza sauti. Shirika la umma lilimudu. Lilimudu pia kumlipa mwanamuziki mshahara kila mwezi, jambo ambalo klabu haikuliweza. Haitakuwa haki kuzieleza bendi za mashirika kama kifungo tu. Waliotoka kwenye muziki wa kiingilio cha mlangoni wakaingia kwenye mshahara waliona unafuu, na tungo bora za muziki wa dansi zilitungwa ndani ya ajira hiyo.

Hata hivyo, ajira ilikuwa na masharti yake. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Aliyeacha kazi aliondoka na sauti yake na vidole vyake tu. Zaidi ya hayo, njia kuu ya kurekodi ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako mashairi yalipitiwa na kamati kabla ya wimbo kurekodiwa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengenezea sahani za santuri, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia ya kwenda Nairobi ikawa ngumu zaidi. Kwa hiyo mnyororo ulikamilika: shirika lilimiliki vyombo, redio ilimiliki kanda, na mwanamuziki alimiliki kumbukumbu.

Nje ya mnyororo huo kulikuwa na majaribio mengine. Orchestra Maquis, iliyotoka Kongo na kuweka makazi Dar es Salaam, ikipiga White House, Ubungo, iliendeshwa kupitia kampuni yake yenyewe, OMACO. Wengine walipiga kwa vyombo vya wafanyabiashara. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu na kufika Dar es Salaam mwaka 1978, alianzia Orchestra Makassy kisha akapata jina kubwa akiwa na Matimila. Wimbo wake Mambo kwa Soksi, uliohimiza matumizi ya kondomu wakati ukimwi ulipokuwa ukienea, haukupewa nafasi na redio ya taifa. Watu waliujua hata hivyo. Leo kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy kinatajwa na makondakta mara nyingi kwa siku kuliko mitaa mingi iliyopewa majina kwa maazimio ya vikao.

4.0 Mtindo: Jina Lisilo na Mwajiri

Kila bendi ya dansi ya Dar es Salaam ilikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa la usajili. La pili lilikuwa la mtindo. Katika istilahi ya muziki wa dansi, mtindo si aina ya muziki kwa maana ya kawaida. Ni jina la mapigo, uchezaji na haiba ambavyo bendi moja hujitambulisha navyo na mashabiki wake hujitambulisha navyo pia. Saboso ulikuwa wa Western Jazz. Vangavanga ulikuwa wa Polisi. Msondo ulikuwa wa NUTA, na Sikinde ulikuwa wa Mlimani Park.

Asili ya baadhi ya majina hayo inastahili kuzingatiwa na wanaisimu. Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo. Msondo ni ngoma ndefu inayohusishwa na jando na unyago katika Pwani na maeneo jirani. Bendi zilizopigwa kwa magitaa ya umeme, zenye wanamuziki kutoka pembe zote za nchi na nje yake, zilitafuta jina la ndani kabisa kutoka kwa wenyeji wa ardhi ambayo mji umejengwa juu yake. Mji ulioonekana kuwameza Wazaramo ulikuwa ukiazima maneno yao kila Jumamosi usiku.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unapatikana katika kudumu kwa majina haya. NUTA ilipovunjwa na kuundwa JUWATA, bendi ikawa Juwata Jazz. Baadaye ikawa OTTU Jazz. Waajiri hao watatu wamepita, na mtaani bendi hiyo haina jina jingine ila Msondo Ngoma. Mlimani Park nayo ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983. Shabiki wake hasemi anakwenda kusikiliza bendi ya DDC. Anakwenda Sikinde. Jina la mwajiri lilikaa kwenye hati. Jina la mtindo lilikaa kwa watu.

Mwaka 1985 ulileta mtihani wa hoja hii. Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliwachukua wanamuziki sita mashuhuri wa Mlimani Park, wakiwamo Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka, akaunda bendi mpya iliyojulikana kwa mtindo wa Ndekule. Kwa mantiki ya soko, waimbaji walioufanya Sikinde upendwe walikuwa wameondoka, kwa hiyo Sikinde ungewafuata. Haikuwa hivyo. Mlimani Park chini ya Michael Enoch ilibaki na Sikinde, na waliohama walilazimika kuwa na jina jipya. Mwenye pesa aliweza kununua waimbaji, na alikuwa na vyombo tayari, lakini mtindo haukuwa miongoni mwa vitu vilivyouzwa. Ulikuwa mali ya makubaliano baina ya bendi na wasikilizaji wake, na makubaliano hayo hayakuwa na mtu mmoja wa kuyatia saini.

Tukizingatia hili, hatuwezi tena kusema kwamba bendi za mashirika zilipoteza uhuru wote. Zilipoteza vyombo, zikapoteza kanda. Jina zilibaki nalo. Katika utamaduni ambao kumpa mtu jina ni kumkubali, hilo si jambo dogo.

5.0 Kinanda Kidogo, Spika Kubwa

Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mashirika yalianza kupunguza matumizi, na bendi zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuonekana kuwa mzigo. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa, na muda si mrefu vituo binafsi vya redio vikaanza, Radio One ikiwa ya kwanza mwaka 1994. Kwa kawaida kipindi hiki husimuliwa kama mwanzo wa Bongo Fleva. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanawafuata vijana waliofika studio. Wapo ambao hawakufika.

Katika mitaa ya uswahilini, vijana walichukua midundo ya ngoma za Kizaramo, wakaichanganya na kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho katika nchi kilikotengenezwa kilikuwa karibu sawa na kitu cha kuchezea mtoto. Wakakiunganisha na vikuza sauti vilivyofanyiwa ukarabati na spika za tarumbeta, zile za kutangazia mikutano. Muziki huo uliitwa mchiriku. Asikiaye jina hili hawezi kuacha kumkumbuka chiriku, ndege mdogo mwenye kelele, ambaye Kiswahili kimemfanya kuwa mfano wa mtu asiyenyamaza. Kikundi cha Jagwa Music, kilichoanza mwaka 1992, ni miongoni mwa vilivyojulikana zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu zama za vilabu, vyombo vilishuka bei hadi kufikiwa na michango ya vijana wa mtaa mmoja. Swali la vyombo ni vya nani lilipata jibu la zamani: ni vyetu.

Singeli, iliyokua Manzese na mitaa ya jirani katika miaka ya 2000, ilikwenda mbali zaidi. Chombo kilikuwa kompyuta moja. Mtayarishaji alichukua kipande cha taarabu au mchiriku, akakiharakisha hadi kuvuka mapigo 200 kwa dakika, na mwimbaji akaghani juu yake. Uwanja wake wa kwanza ulikuwa kigodoro, sherehe ya mtaani ya mkesha inayofuatana na harusi, unyago au shughuli nyingine ya nyumbani. Kwa umbo, kigodoro ni kidunishi cha godoro. Kwa nini sherehe ikaitwa hivyo, mtaa una maelezo zaidi ya moja: wapo wanaoinasibisha na kukesha na kulala hapohapo, na wapo wanaoinasibisha na sponji ambazo wachezaji hujifunga kiunoni. Maelezo yote mawili yanakubaliana kwamba hii ni sherehe ya nyumbani iliyotoka nje ikajaza barabara.

Vigodoro vimepigwa marufuku mara kadhaa na viongozi wa ngazi mbalimbali, na neno linaloambatana na marufuku hizo ni uhuni. Neno hili lina historia ndefu mjini. Mhuni wa zamani alikuwa mtu asiye na mke wala makao, mzururaji. Burton, katika utafiti wake wa mwaka 2005, ameonesha jinsi utawala wa kikoloni ulivyolitumia neno hilo kwa vijana waliohamia Dar es Salaam bila kazi rasmi, ukawakamata na kuwarudisha vijijini. Baada ya uhuru neno halikufutwa pamoja na sheria za mkoloni. Limehama kutoka kwa mtu asiye na makao hadi kwa muziki usio na ukumbi. Sisemi kwamba kila malalamiko dhidi ya kigodoro ni ya uonevu. Jirani mwenye mgonjwa ana haki ya kulala, na mzazi ana haki ya kuhofia watoto. Ninachosema ni kwamba neno uhuni halielezi kosa. Linaeleza nafasi ya mtu katika mji.

6.0 Nani Anatunza?

Kitenzi tunza kina maana mbili zinazohusu hoja yetu. Kutunza ni kuangalia kitu kisiharibike. Kutunza pia ni kumpa zawadi mwimbaji au mchezaji mbele ya watu. Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni nchini Tanzania, ameonesha kwamba mwanamke anayeinuka kwenda kutunza katika taarabu huwa anasema jambo. Huuchukua ubeti ulioimbwa, akaufanya kuwa kauli yake kwa mtu fulani aliyemo ukumbini. Upinzani wa Muungano na Tanzania One Theatre katika miaka ya 1990 uliikuza desturi hiyo, na neno mipasho likaenea nchi nzima. Katika kigodoro desturi haijabadilika: mwimbaji hutaja majina ya waliohudhuria, aliyetajwa hutoa pesa, na mtaa hujua kwa nini ametajwa.

Kwa hiyo mtaa hutunza kwa maana ya pili kila wiki. Ni kutunza kwa maana ya kwanza kulikokosekana. Kanda za Redio Tanzania, pamoja na udhaifu wake wote, zimetuachia sauti za bendi za mashirika. Mchiriku haukuwa na redio ya kuutunza. Albamu ya Jagwa Music iliyosambazwa kimataifa mwaka 2012 ilitolewa na lebo ya Crammed Discs ya Brussels. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliouonesha ulimwengu singeli ya studio ya Sisso, Mburahati, ulitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Lebo hizo zimefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Hata hivyo, msomi wa Kiswahili anapaswa kutafakari maana ya kwamba baadhi ya hifadhi za kuaminika za tungo za Manzese na Mburahati ziko nje ya mipaka, na zimechaguliwa kwa sikio la msikilizaji ambaye huenda hafahamu neno moja la kinachoimbwa.

Sehemu ya kosa ni ya taaluma yetu. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wataalamu waliingia katika mjadala mkali kuhusu iwapo shairi lisilofuata vina na mizani ni shairi la Kiswahili. Mjadala ulikuwa wa maana, na matunda yake tungali tunayafundisha. Lakini pande zote mbili zilikubaliana kimyakimya juu ya jambo moja: shairi la kujadiliwa ni lile lililopigwa chapa. Katika miaka hiyohiyo, mamia ya tungo zilikuwa zikiimbwa kila juma katika kumbi za mji, zikiwa na takriri, mafumbo na majibizano ya kutosha kulisha mjadala huo kwa miongo. Hali ya sasa haiko mbali na hiyo. Mstari wa singeli haupimwi kwa mizani wala hauko huru kwa maana ya Kezilahabi. Hupimwa kwa pumzi ya mwimbaji na kasi ya mdundo, na mwimbaji anayekosa neno kwa nusu sekunde huonekana na wote. Hapo kuna arudhi, ila haijaandikwa.

Ipo hoja ya kupinga inayostahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba tungo za kigodoro ni za papo kwa papo, kwamba zimekusudiwa kupotea alfajiri, na kwamba kuziandika ni kuzigeuza kuwa kitu kingine. Hoja hii ina ukweli, na wanafasihi simulizi wameijadili kuhusu ngano na majigambo bila kuitumia kama sababu ya kuacha kukusanya. Tofauti iliyopo ni kwamba mwimbaji wa majigambo huitwa fanani, na mwimbaji wa kigodoro huitwa mhuni. Swali la kama tungo ihifadhiwe limekuwa likijibiwa kwa kumtazama aliyeitunga.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameifuata historia ya muziki wa Dar es Salaam kupitia swali la umiliki wa vyombo. Katika zama za beni na vilabu, vyombo vilikuwa vya wanachama, na jina la kikundi mara nyingi lilitaja asili yao. Katika zama za mashirika, vyombo vilikuwa vya mwajiri, na jina rasmi lilimtaja mwajiri huku wasikilizaji wakishika jina la mtindo. Katika zama za kinanda kidogo na kompyuta, vyombo vimerudi mtaani, lakini hifadhi na usambazaji vimekwenda mbali zaidi kuliko ilivyokuwa wakati wa redio ya taifa. Kujitegemea hakukupatikana mara moja wala kupotea mara moja. Kila kizazi kilishinda upande mmoja kikashindwa upande mwingine.

Kutokana na hayo kuna jambo moja ambalo idara za Kiswahili zinaweza kulifanya bila kungoja bajeti kubwa. Kila mwanafunzi anayekwenda mtaani kukusanya tungo aandike, pamoja na maneno ya wimbo, jina la mtindo, mahali ulipopigwa, waliotajwa na waliotunza, na mwenye vyombo. Taarifa hizo tano zikikosekana, wimbo hubaki maneno matupu. Zikiwapo, huwa ushahidi wa historia ya mji. Gurumo alifariki mwaka 2014, Remmy Ongala mwaka 2010. Wapigaji wa mwanzo wa mchiriku sasa ni watu wazima wenye wajukuu, na vinanda vyao vingi vimekwisha kuharibika. Bado wanajua nani alichanga kununua kipi, na nani alitajwa usiku upi. Hawajaulizwa.